Duka dogo la Konyo Konyo: pa kupima soko la Juba kabla ya kushusha mzigo

Wafanyabiashara wengi wanaopeleka bidhaa Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, huulizia bei kwa simu wakiwa bado Kampala, Eldoret au Mombasa. Gari likifika, dereva hutafutiwa ghala, mzigo unashushwa, fedha au ahadi inapokelewa, na lori linageuzwa kurudi Nimule. Ni wachache wanaopata muda wa kuingia katika duka dogo la rejareja ndani ya soko la Konyo Konyo na kununua walau kilo moja ya sukari.

Hata hivyo, duka hilo dogo ndipo safari ya mzigo inapoishia. Mwenye ghala anaweza kusema lolote kuhusu bei, na dalali anaweza kusifia soko ili apate chake. Mwenye duka la rejareja hana nafasi hiyo, kwa kuwa mteja wake ananunua kidogo kidogo na anajua bei ya jana. Makala haya yanaeleza mambo ambayo msafiri hukutana nayo katika duka la aina hiyo, na maana ya kila jambo kwa mwenye mzigo na mwenye gari.

Soko lenyewe

Konyo Konyo ni moja ya masoko ya zamani na yenye watu wengi zaidi mjini Juba. Liko katika eneo la Kator, upande wa mji unaoelekea mto Naili. Kuna maduka ya matofali, vibanda vya mabati, meza za mboga na matunda, samaki wakavu, nguo, vyombo vya nyumbani, mafundi cherehani na mafundi simu. Bodaboda hupita katikati ya watu tangu asubuhi hadi jioni.

Katikati ya hayo yote yapo maduka madogo ya bidhaa mchanganyiko. Mkazi wa Juba huliita duka hilo dukan, na msafiri anayezungumza Kiswahili hapati shida kulielewa jina, kwa kuwa neno la Kiswahili na hilo la Juba asili yake ni moja.

Duka la kawaida lina mlango mmoja, kaunta ya mbao, rafu zinazofika karibu na dari, mzani, na magunia matatu au manne yaliyofunguliwa mdomo. Humo kuna sukari, unga wa mahindi, unga wa ngano, mchele, maharage, dengu, chumvi, majani ya chai, mafuta ya kupikia, sabuni, biskuti, maji ya chupa, betri na vocha za simu. Ni bidhaa zile zile zinazopatikana katika duka la mtaani Arua, Kisumu au Mwanza. Tofauti iko katika namna zilivyofika na namna zinavyouzwa.

Rafu inavyoeleza njia za mizigo

Wakati wa vita vya mwaka 1983 hadi 2005, Juba ilikuwa mji wa ngome ya jeshi la serikali ya Khartoum. Barabara ya kwenda Uganda ilikuwa na mabomu ya kutegwa ardhini. Bidhaa zilifika kwa ndege, au kwa matishari yaliyopanda mto kutoka bandari ya Kosti. Bidhaa za dukani zilitoka kaskazini, na zilipochelewa huko, mji ulikaa bila chumvi wala sabuni.

Mkataba wa amani uliotiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005 uligeuza mambo. Mabomu yaliondolewa barabarani na malori ya Uganda na Kenya yakaanza kuingia. Tangu hapo bidhaa nyingi za dukani Juba zimekuwa zikitoka kusini. Sudan Kusini ilipopata uhuru tarehe 9 Julai 2011, na biashara ya kuvuka mpaka wa kaskazini kuvurugika, utegemezi huo uliongezeka.

Leo unga wa mahindi, maharage, mayai, vitunguu, nyanya, sabuni na sehemu kubwa ya mafuta ya kupikia hutoka Uganda au hupitia Uganda. Bidhaa za kutoka ng'ambo hushukia bandari ya Mombasa na kuingia Uganda kwa Malaba au Busia. Kutoka hapo baadhi ya malori hupita Kampala, na mengine hukata kupitia Tororo, Mbale, Soroti na Lira. Njia zote hukutana kabla ya Gulu, kisha Atiak na Elegu, ambao ni mji wa mpakani upande wa Uganda. Ng'ambo ya mpaka ni Nimule.

Kutoka Nimule hadi Juba ni kilomita 192. Barabara hiyo ya lami ilijengwa kwa fedha za Marekani kupitia shirika la USAID na ilizinduliwa mwaka 2012. Dereva mgeni akumbuke kuwa Uganda magari hupita kushoto na Sudan Kusini hupita kulia. Malori huingia Juba kutoka mashariki, kupitia Gumbo, kisha kuvuka mto. Kwa miaka mingi kulikuwa na daraja moja la zamani la chuma. Daraja la Uhuru, lililojengwa kwa msaada wa Japani, lilifunguliwa mwezi Mei 2022.

Tatizo likitokea popote katika njia hiyo, dalili yake huonekana kwenye rafu ya duka. Mwezi Aprili 2021 madereva wa Uganda na Kenya waligoma kuvuka Nimule baada ya wenzao kuuawa barabarani ndani ya Sudan Kusini. Mwaka 2024 daraja la Karuma nchini Uganda lilifungwa kwa matengenezo na malori yakalazimika kuzunguka njia ndefu zaidi. Mwaka huo huo mvutano kuhusu tozo mpya mpakani ulikwamisha hata malori yaliyobeba mafuta ya Umoja wa Mataifa. Mvua nazo zimefurika mji wa Elegu mara kadhaa mto Unyama unapovunja kingo.

Kwa hiyo msafiri anayekuta rafu ina nafasi tupu asidhani mara moja kuwa bidhaa hiyo haina wateja. Huenda malori yake yamekwama. Kinyume chake pia ni kweli: akikuta duka limejaza katoni za bidhaa anayoileta yeye, na katoni za chini zimeshika vumbi, ajue kuwa amechelewa na bei itashuka.

Bia na soda zinatoa mfano mzuri. Mwaka 2009 kampuni ya SABMiller ilifungua kiwanda mjini Juba na kuanza kutengeneza bia ya White Bull. Mwaka 2016 kiwanda hicho kilitangaza kufungwa kwa sababu ya kukosa fedha za kigeni za kununulia malighafi. Wateja walikuwapo na kinywaji kilikuwa kikiuzwa. Kilichokosekana ni dola za kurudishia mzunguko. Kama jambo hilo lilikipata kiwanda kikubwa chenye tajiri wa kimataifa, mwenye lori moja la sabuni hana budi kulifikiria mapema.

Fi na mafi

Lugha ya biashara katika Konyo Konyo ni Kiarabu cha Juba. Kiingereza ni lugha rasmi ya serikali, na Kiswahili husikika sana kwa sababu ya Wakenya, Waganda na wenyeji waliokulia katika kambi za wakimbizi Kakuma na kwingineko. Hata hivyo, mgeni anayejua maneno machache ya sokoni hupewa heshima zaidi.

Salamu ni salaam taki. Bei huulizwa kwa neno kam, yaani kiasi gani. Fedha ni gurush. Sukari ni sukar na sabuni ni sabun, maneno ambayo Mswahili anayajua tayari. Unga ni dagig, mafuta ni zet na chumvi ni mile. Maneno mawili muhimu kuliko yote ni fi, yaani ipo, na mafi, yaani hakuna.

Mafi ni neno la kusikiliza kwa makini. Mwenye duka akisema sukar mafi, huenda kweli imekwisha. Huenda pia ipo nyuma, lakini anaizuia kwa kuwa bei ya dola imepanda asubuhi hiyo na hajui kesho atainunua kwa kiasi gani. Mfanyabiashara akisikia mafi katika maduka matatu yanayofuatana, huku magunia yakionekana kwa mbali, hiyo ni dalili ya pauni kuyumba wala si ya upungufu wa bidhaa.

Malwa si pombe

Dereva wa Uganda akisikia neno malwa hufikiria pombe ya ulezi inayonywewa kwa mirija. Juba, malwa ni kipimo cha nafaka. Ni kopo linalobeba takriban kilo 3.5, nalo hutumika kwa mtama, mahindi, maharage na unga. Mkenya anaweza kulifananisha na gorogoro, ila malwa ni kubwa zaidi, kwa kuwa gorogoro hubeba takriban kilo 2.

Hesabu ya mwenye duka huanzia hapo. Gunia la kilo 50 linatoa malwa 14 na kidogo juu. Gunia la kilo 100 linatoa malwa 28 na nusu hivi. Mwenye duka anaponunua gunia, tayari amekwisha kugawa kichwani: malwa kadhaa za kurudisha mtaji, moja ya kodi ya kibanda na ushuru wa soko, na moja au mbili za kula na watoto.

Ikiwa gunia lililoandikwa kilo 50 lina kilo 47, upungufu wa kilo 3 ni karibu malwa nzima. Kwa mwenye ghala anayeuza magunia 600, jambo hilo ni dogo. Kwa mwenye duka, malwa hiyo inaweza kuwa faida yote ya gunia. Ndiyo maana wauzaji wa rejareja hukumbuka alama iliyochapwa kwenye gunia kwa muda mrefu, na jina la kiwanda lililopunja mara moja hukataliwa hata bei yake ikiwa nafuu. Dereva aliyekubali magunia yachomolewe njiani, au mwenye mzigo aliyenunua magunia yaliyopakiwa upya bila kupima, hupoteza soko bila kuambiwa sababu.

Jambo la pili ni ukubwa wa pakiti. Mteja wa Konyo Konyo hununua cha siku hiyo. Mafuta ya kupikia yanatolewa kwenye dumu la lita 20 na kumiminwa katika chupa ndogo za maji. Mche wa sabuni hukatwa vipande. Sukari hufungwa katika vifuko vya robo na nusu kilo. Kwa hiyo bidhaa iliyokwisha kufungwa katika pakiti ndogo kiwandani huuzwa haraka, kwa sababu inamwondolea mwenye duka kazi na upungufu wa kupimapima. Anayeleta pakiti kubwa za nyumbani, za mtindo wa maduka makubwa ya Nairobi, ajue anawalenga wateja wa hoteli na mashirika, na hao hawanunui Konyo Konyo kila siku.

Pauni, dola na kalamu ya mwenye duka

Katika maduka mengi bei haijaandikwa popote. Penye maandishi, huwa ni kipande cha boksi na kalamu ya wino, kitu ambacho ni rahisi kutupa na kuandika upya. Sababu ni sarafu.

Sudan Kusini ilianza kutumia pauni yake mwezi Julai 2011. Mwezi Januari 2012 serikali ilisimamisha uzalishaji wa mafuta kwa sababu ya mgogoro na Khartoum kuhusu ada za bomba, na uzalishaji haukuanza tena hadi mwaka 2013. Desemba 2013 vita vya ndani vikazuka. Kwa muda wote huo bei ya serikali ilibaki kwenye kiwango cha karibu pauni 3 kwa dola moja, wakati mitaani dola iliuzwa kwa bei ya juu mara kadhaa. Tarehe 15 Desemba 2015 kiwango hicho kiliachwa, na bei rasmi ikaruka hadi kiasi cha pauni 18.5 kwa dola. Mwezi Oktoba 2016 mfumuko wa bei wa mwaka ulipita asilimia 800. Mwezi Februari 2024 bomba linalopitisha mafuta ya Sudan Kusini katika ardhi ya Sudan lilipasuka, mapato ya serikali yakapungua, na pauni ikaporomoka tena.

Mwenye duka la Konyo Konyo yuko katikati ya mambo hayo. Anauza kwa pauni, kwa kuwa mteja wake analipwa pauni. Ananunua kwa dola au kwa pauni zilizopigwa hesabu ya dola, kwa kuwa mzigo umetoka nje. Akiuza leo sukari yote kwa bei ya jana na dola ikapanda usiku, kesho fedha aliyoikusanya haitoshi kununua gunia lile lile. Duka litaonekana lina biashara nzuri, wateja wamejaa, na huku mtaji unapungua gunia kwa gunia.

Mfano wa hesabu unaonyesha hatari hiyo kwa msambazaji. Mfanyabiashara anashusha mzigo wenye thamani ya dola 5,000 wakati dola moja ni pauni 20, na deni linaandikwa pauni 100,000. Mwezi mmoja baadaye dola imefika pauni 40. Mdaiwa analipa pauni 100,000 kamili, kwa uaminifu, bila kupunguza hata moja. Aliyeleta mzigo akibadili fedha hiyo anapata dola 2,500. Hakuna aliyemwibia, lakini nusu ya mtaji imekwenda.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza la msafiri dukani lisiwe bei ya sukari leo tu. Aulize pia ilikuwa kiasi gani wiki iliyopita. Bei mbili hizo zinaeleza mwendo wa pauni vizuri kuliko kibao cha benki, kwa kuwa mwenye duka anafuata dola anayoweza kuipata kweli.

Msafiri azingatie pia hali ya noti. Dola za matoleo ya zamani, zilizochanika au zenye maandishi ya kalamu, hukataliwa au hupokelewa kwa bei ya chini. Noti ndogo za pauni huwa chache na zimechakaa, hivyo chenji inaweza kuwa biskuti au kiberiti. Huduma za fedha kwa simu zimeanza kusaidia. M-Gurush ilianza mwaka 2019. Hata hivyo, asiyezoea aulize kwanza makato ya kutoa fedha taslimu kabla ya kukubali kulipwa kwa njia hiyo.

Nani yuko nyuma ya kaunta

Katika safu moja ya maduka msafiri anaweza kukuta mwenyeji wa Sudan Kusini, Mdarfuri kutoka Sudan, Mganda, Mhabeshi, Msomali na Mkenya. Wengi wa wageni hao wamekaa Juba miaka mingi. Wanajua wateja kwa majina na wanakopesha hadi mwisho wa mwezi.

Historia ya karibuni inaonyesha jinsi riziki hiyo ilivyo dhaifu. Mapigano ya Julai 2016 mjini Juba yalisababisha maelfu kukimbia, na Uganda ilituma msafara wa kijeshi kuwaondoa raia wake kupitia Nimule. Mwezi Januari 2025, baada ya taarifa za kuuawa kwa raia wa Sudan Kusini katika jimbo la Gezira nchini Sudan, maduka ya Wasudan mjini Juba yalivamiwa na kuporwa, watu wakauawa, na serikali ikatangaza amri ya kutotoka nje usiku.

Duka likiporwa, hasara haimwishii mwenye duka. Bidhaa alizokuwa nazo mara nyingi si zake zote. Nyingine ni za mwenye ghala, na za mwenye ghala nyingine ni za mfanyabiashara wa Kampala ambaye naye amekopa benki. Mlango mmoja ukivunjwa Juba, deni linabaki bila mlipaji hadi Kampala au Nairobi. Ni vigumu kupata bima ya mali iliyoko katika kibanda cha mabati.

Mali kauli

Biashara ya kukabidhi mali kwa ahadi ya kulipwa baadaye, yaani mali kauli, ndiyo inayoendesha maduka mengi ya Juba. Bila hiyo rafu zingekuwa tupu, kwa kuwa wenye mtaji wa kulipa taslimu ni wachache. Ndiyo pia iliyowafilisi wengi.

Katika ngazi ya juu, kesi inayojulikana zaidi ni ya kampuni za Uganda zilizopeleka nafaka na bidhaa nyingine kwa serikali ya Juba na kukaa miaka mingi bila kulipwa, hadi serikali ya Uganda ikalazimika kuingilia kati na suala hilo kujadiliwa bungeni Kampala. Ikiwa kampuni zenye mikataba na mihuri zilipata taabu hiyo, anayetegemea karatasi ya daftari aongeze tahadhari.

Daftari la madeni la duka dogo lenyewe ni kipimo. Msafiri hawezi kuomba kulisoma, lakini akikaa dakika kumi atasikia. Wateja wakija na fedha mkononi, mzunguko uko vizuri. Wakija wengi na maneno ya andika, basi mishahara imechelewa. Askari, walimu na watumishi wa serikali ni wateja wakubwa wa maduka haya, na mishahara yao imewahi kucheleweshwa kwa miezi mingi. Mishahara ikichelewa, duka linachelewa kumlipa mwenye ghala, na mwenye ghala anachelewa kumlipa aliyeleta lori. Foleni ya malipo huanzia kwenye kaunta ile.

Unga na karatasi zake

Bidhaa inayoongoza katika duka la Konyo Konyo ni unga, na ndiyo iliyoleta matatizo makubwa mpakani. Mwaka 2023 malori ya Uganda yaliyobeba mahindi na unga yalizuiliwa Nimule baada ya wakaguzi wa viwango wa Sudan Kusini kudai kuwa yana sumukuvu, sumu inayotokana na kuvu wa nafaka iliyohifadhiwa na unyevu. Kabla ya hapo, mwezi Machi 2021, Kenya nayo ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa mwenye mzigo maana yake ni kwamba hati ya vipimo vya maabara ina thamani sawa na hati ya forodha. Sudan Kusini ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2016, lakini uanachama hauondoi ukaguzi wa viwango. Lori likisimama siku kumi kwenye jua na mvua, hata mzigo uliokuwa salama unaweza kuanza kuota kuvu.

Dukani, msafiri atazame kitu kimoja: tarehe ya mwisho ya matumizi kwenye mifuko. Akiona mwenye duka ana unga uliobakiza wiki mbili tu, aulize umefika lini. Jibu litamwambia mzigo unachukua muda gani kutoka kinu hadi kaunta, na hivyo yeye apakie unga wenye muda gani uliobaki.

Mambo ya kufanya kabla ya kushusha

Kwa muhtasari, mfanyabiashara au dereva anayefika Juba kwa mara ya kwanza anashauriwa afanye yafuatayo:

1. Aingie maduka matatu tofauti ya Konyo Konyo, asitosheke na moja. Anunue kitu kidogo katika kila duka. Anayeuliza bei tu bila kununua hujibiwa kwa mashaka.

2. Aandike bei ya malwa, ya kilo na ya chupa, kisha aigeuze iwe bei ya gunia au dumu zima. Akilinganisha na bei aliyotajiwa ghalani, ataona nafasi ya faida ya mwenye duka. Ikiwa nafasi hiyo ni ndogo mno, mzigo hautatoka haraka.

3. Aulize bei ya wiki iliyopita na ajue mwendo wa pauni.

4. Aangalie chapa zilizopo, ukubwa wa pakiti na tarehe za mwisho wa matumizi.

5. Asipige picha. Kupiga picha hadharani Juba bila kibali kunaweza kumwingiza mgeni matatani na vyombo vya usalama. Daftari na kalamu vinatosha.

6. Akikubali mali kauli, deni liandikwe kwa dola, au kwa pauni zitakazopigwa hesabu ya dola ya siku ya malipo. Kiasi kigawanywe kwa wadaiwa kadhaa walio sehemu tofauti za mji.

7. Amalize shughuli mapema. Safari ya Nimule ifanyike mchana, na dereva aulize wenzake hali ya njia asubuhi hiyo hiyo, si taarifa ya juzi.

Kwa wenye magari, upo ushauri mmoja zaidi. Dereva na utingo wake ndio wanaofika Konyo Konyo mara nyingi kuliko mwenye mzigo. Mwenye mzigo anayempa dereva fedha kidogo za kununulia bidhaa katika duka dogo, na kumwagiza arudi na bei zilizoandikwa, anapata taarifa za soko kwa gharama ya kilo moja ya sukari. Taarifa hizo zikifanyika kila safari kwa miezi michache, atakuwa na daftari la bei la kwake mwenyewe, na hatalazimika tena kuamini simu ya dalali.